Sambizanga: filamu ya jina ambalo halikutajwa

Unguja kuna mtaa unaitwa Mchangani. Luanda, mji mkuu wa Angola, nao una mitaa mingi ya jina hilohilo kwa Kimbundu: museke, yaani penye mchanga. Wareno waliliandika neno hilo kwa tahajia yao, musseque, likawa jina la kila mtaa wa vibanda uliouzunguka mji wa saruji waliojijengea kando ya bahari. Lami ilipokoma ndipo mchanga mwekundu ulipoanzia, na huko ndiko Waafrika walikoishi. Mtanzania hahitaji maelezo marefu hapa: kule uzunguni, huku uswahilini. Mmojawapo wa mitaa hiyo ni Sambizanga, na mwaka 1972 Sarah Maldoror aliipa filamu yake jina la mtaa huo.

Mwaka huohuo filamu ilitwaa Tanit ya Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Carthage kule Tunisia. Baada ya hapo, kwa karibu nusu karne, ikawa moja ya zile filamu ambazo kila mwandishi wa historia ya sinema ya Afrika anazitaja na wasomaji wake wachache mno wamewahi kuziona. Julai 2021 ilioneshwa upya mjini Bologna, Italia, kwenye tamasha la Il Cinema Ritrovato linaloshughulikia filamu za zamani, ikiwa imekarabatiwa kutoka kichwa hadi kidole. Tangu hapo imezunguka kumbi za miji mingi, na 2022 ikatoka kwenye diski. Kila inapooneshwa huja na utambulisho wa sentensi moja: filamu kuhusu mapambano ya MPLA, chama cha ukombozi cha Angola, dhidi ya Ureno. Utambulisho huo ni wa kweli, lakini una mafundo, na asiyeyafungua ataiona nusu tu ya filamu.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Domingos Xavier ni dereva wa trekta kwenye ujenzi wa bwawa, mbali na Luanda. Ana mke, Maria, na mtoto mchanga. Alfajiri moja askari wanavunja mlango, wanampiga mbele ya mkewe, wanamrusha ndani ya gari na kuondoka naye. Maria anamfunga mtoto kwa mbeleko, anaanza safari ya kumtafuta. Anakwenda kwa mkuu wa eneo, anaambiwa aende mjini. Anafika mjini, anaambiwa aende ofisi nyingine. Ofisi nyingine inamwambia hayumo. Wakati huohuo Domingos yumo ndani, anapigwa kwa sababu hataki kusema jambo moja. Anakufa bila kulisema.

Polisi wanataka jina. Wamegundua kwamba pale bwawani yupo Mzungu anayewasaidia wanaharakati, na wanataka Domingos amtaje. Yeye anamjua: ni mhandisi Silvestre. Hamtaji.

Hapo hapo, nje ya ukuta wa gereza, kuna watu wengine nao wanatafuta jina. Mvulana Zito na mzee Petelo wanamwona mfungwa mgeni akishushwa, hawamjui. Wanapeleka habari kwa mwingine, naye kwa mwingine, hadi inamfikia fundi cherehani anayeitwa Mussunda. Swali linalopita mkononi mwao ni lilelile: huyu aliyeletwa ni nani, katoka wapi, wa kwetu au si wa kwetu? Na Maria, mtu wa tatu katika msako huu, jina analo tangu mwanzo. Ndilo kitu pekee alichobeba zaidi ya mtoto. Analitaja kila mlango, analipigia kelele mbele ya askari, na kila mlango unamjibu kwamba jina hilo halipo kwenye daftari.

Nadhani hapa ndipo ustadi wa Maldoror ulipo. Filamu nyingi za ukombozi zimejengwa juu ya bunduki. Hii imejengwa juu ya jina moja lililofichwa, jingine linalotafutwa, na jingine linalokanwa. Ukiitazama kwa jicho hilo, zile dakika ndefu ambazo baadhi ya watazamaji huzilalamikia, za mtu kutembea, mtu kungoja, mtu kumnong'oneza mwenzake dirishani, zinaacha kuwa ndefu. Maldoror mwenyewe aliwahi kueleza kwamba alitaka kuonesha upweke wa mwanamke na muda unaopotea katika kutembea. Anayejua safari ya kumfuatilia ndugu aliyekamatwa, kituo hadi kituo, hawezi kumuuliza kwa nini hakukata picha mapema.

Mzungu asiyetajwa

Fundo la kwanza ni la huyo Silvestre. Kwa nini Mwafrika afe akimlinda Mzungu, katika filamu iliyotengenezwa na watu wa chama cha ukombozi wakati vita bado vinapiganwa?

Jibu liko ndani ya siasa za Angola za miaka ile. Waliopinga ukoloni hawakuwa kundi moja. MPLA ilikuwa na mizizi Luanda, kwa wasomi, makarani, machotara na Wazungu wachache wenye msimamo wa kushoto, na ilisoma ukoloni kama suala la unyonyaji. UPA ya Holden Roberto, iliyokuja kuwa FNLA mwaka 1962, ilikuwa na nguvu kwa Wabakongo wa kaskazini na iliwatuhumu wapinzani wao wa MPLA kuwa ni chama cha machotara na watoto wa wakoloni. UNITA ilizaliwa baadaye, 1966. Kwa hiyo kumfanya shujaa wako afe kwa ajili ya siri ya Mzungu lilikuwa jibu kwa wapinzani wa ndani kama ilivyokuwa jibu kwa Lisbon. Kuna onesho ambapo Mussunda, huku cherehani yake iko mbele, anawafundisha wenzake kwamba hakuna mweusi, mweupe wala chotara, kuna tajiri na maskini. Msomaji aliyekulia kwenye enzi za Azimio la Arusha atatabasamu: haya ni maneno ya wanyonyaji na wanyonywaji, yaliyoimbwa hapa kwetu asubuhi mstarini. Maldoror naye alikuwa akisema hivyohivyo kwenye mahojiano yake, kwamba kwake rangi ya mtu haina maana, kuna wanaonyonya na wanaonyonywa.

Fundo hili linakaza zaidi ukijua hadithi ilitoka kwa nani. Imetokana na riwaya fupi ya José Luandino Vieira, iliyoandikwa 1961. Luandino ni Mzungu, alizaliwa Ureno 1935 akalelewa kwenye mitaa ya mchanga ya Luanda, na jina "Luandino" alijipa mwenyewe kwa mapenzi ya mji huo. Kabla mwaka 1961 haujaisha alikuwa amekamatwa. Alihukumiwa miaka 14, na sehemu kubwa ya kifungo aliitumikia Tarrafal, kambi ya mateso kwenye visiwa vya Cape Verde. Mwaka 1965 Chama cha Waandishi wa Ureno kilithubutu kumpa tuzo akiwa kifungoni. Serikali ya Salazar, dikteta wa Ureno, ikakifunga chama chenyewe. Riwaya ya Domingos Xavier ilisomwa kwanza kwa Kifaransa, kwa tafsiri ya Mário de Andrade, kabla haijachapwa kwa lugha iliyoandikiwa. Hicho nacho ni kioja: kitabu cha Kireno kimezuiwa na Ureno, kimehifadhiwa na Kifaransa.

Ducados aliyejiita Maldoror

Sarah Ducados alizaliwa kusini-magharibi mwa Ufaransa mwaka 1929. Baba yake alitoka Guadeloupe. Jina Maldoror alilichukua kutoka kwenye utenzi wa nathari wa Lautréamont, mshairi wa karne ya 19, kitabu cha laana na uasi. Mwaka 1956 alishiriki kuanzisha kikundi cha maigizo cha Les Griots mjini Paris, kwa sababu waigizaji weusi walikuwa wamechoka kupewa nafasi za watumishi. Mwanzoni mwa miaka ya 60 alikwenda Moscow kusomea filamu, kipindi ambacho Ousmane Sembène wa Senegal naye alikuwa huko. Akafanya kazi kama msaidizi kwenye filamu ya Gillo Pontecorvo kuhusu vita vya Algiers. Mwenzi wake wa maisha, baba wa binti zake wawili, alikuwa huyo huyo Mário de Andrade, mwanazuoni na mmoja wa waasisi wa MPLA, na ndiye aliyeandika naye mswada wa Sambizanga pamoja na mwandishi Mfaransa Maurice Pons.

Kabla ya hapo alitengeneza filamu fupi, Monangambééé, Algeria, nayo kutoka kwenye hadithi ya Luandino. Nisipoisimulia nitajilaumu. Mke anamwambia mumewe aliyefungwa kwamba atamletea "kamili". Polisi wanasikia na kuhangaika: kamili maana yake suti kamili, na ndani ya suti lazima kuna ujumbe uliofichwa. Wanamtesa mfungwa awaambie siri ya suti. Kumbe kwa watu wa uswahilini wa Luanda "kamili" ni sahani: samaki, maharage, mawese na ndizi. Mtu anavunjwa mbavu kwa sababu mkoloni hajui chakula cha anaowatawala.

Na neno lenyewe monangamba lilimaanisha kibarua wa mkataba, mtu aliyebebwa na lori kupelekwa kwenye mashamba ya kahawa. "Mona" ni mwana, kama kwetu. Sisi tulikuwa na manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, waliohesabiwa kwa namba badala ya majina. Maneno hayana asili moja, la kwetu limetokana na namba, lakini sikio la Mswahili halimwachii mtu kuyapita bila kugeuka.

Filamu yake ya kwanza ndefu, iliyoitangulia Sambizanga, haikuwahi kuonekana. Aliipiga Guinea-Bissau, pamoja na wapiganaji wa PAIGC, chama cha ukombozi cha Guinea-Bissau na Cape Verde, kwa fedha za Algeria. Wakakosana na wenye fedha juu ya namna ya kuikata, mikanda ikachukuliwa na jeshi la Algeria, naye akafukuzwa nchini humo. Mikanda hiyo haijarudi hadi leo. Ndiyo maana nasema Sambizanga ilikuwa na bahati: iliwahi kusahaulika tu, haikupotea.

Angola hakuweza kupiga picha, vita vilikuwa vinaendelea. Alikwenda Kongo-Brazzaville, ambako MPLA ilikuwa na makao tangu 1963. Wengi wa wanaoonekana kwenye skrini si waigizaji wa kazi, ni watu wa harakati wenyewe, wa MPLA na wa PAIGC. Elisa Andrade, anayemwigiza Maria, alikuwa mwanauchumi kutoka Cape Verde. Hivyo unapomwona mtu akimkabidhi mwenzake habari kwa kujifanya anauliza bei, inawezekana kabisa kwamba jana yake alifanya hivyohivyo bila kamera.

Kwa wasomaji wa pwani hii hawa si watu wa mbali. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam tangu 1963. MPLA ilikuwa na ofisi hapo, na wapiganaji wake walipita kambi ya Kongwa, Dodoma, pamoja na wa FRELIMO, ANC, SWAPO na ZAPU. Oktoba 1965 vyama vya makoloni yote ya Ureno vilikutana Dar es Salaam katika mkutano wa pili wa umoja wao, CONCP, umoja ambao Mário de Andrade alikuwa miongoni mwa walioujenga. Wazee waliofanya kazi bandarini miaka ile wanaweza kukusimulia kuhusu masanduku ambayo hayakufunguliwa.

Nani alivamia gereza?

Hili ndilo fundo gumu, na ndilo ambalo maelezo ya ukumbini huliruka. Filamu inamalizikia kwenye dansi. Mussunda anasimamisha muziki, anawatangazia waliokuwa wakicheza kwamba Domingos Xavier ameuawa gerezani na hakusema kitu. Anawaambia wasilie, kwamba maisha yake ya kweli yanaanza leo ndani ya mioyo ya watu wa Angola. Kisha tunasikia mpango: tarehe 4 Februari, gereza litavamiwa.

Tukio hilo ni la kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Februari 1961, watu wapatao mia mbili, wengi wao wakiwa na mapanga, waliyavamia magereza na kituo cha polisi cha Luanda ili kuwatoa wafungwa wa kisiasa. Hawakufanikiwa kuwatoa. Polisi saba waliuawa, na wavamizi wengi zaidi. Siku iliyofuata, baada ya mazishi ya polisi, Wazungu wenye silaha waliingia mitaa ya mchanga na kuua ovyo. Tarehe yenyewe ilichaguliwa kwa hesabu. Mwezi Januari meli ya abiria ya Santa Maria ilikuwa imetekwa baharini na Mreno mpinzani wa Salazar, Henrique Galvão, na waandishi wa habari wa kigeni walikuwa wamejaa Luanda wakidhani meli itatia nanga hapo. Wavamizi walitaka macho hayo yaone. Januari hiyohiyo wakulima wa pamba wa Baixa de Cassanje walikuwa wamegomea kulimishwa pamba kwa nguvu, na jeshi likawapiga kwa ndege.

Lakini nani aliyepanga? MPLA ilisema ni sisi, ikasema tangu siku zile kutoka Conakry, ambako uongozi wake wa nje ulikuwa, na ikaendelea kusema hivyo ilipotwaa dola. Tarehe 4 Februari ni sikukuu ya taifa. Hata hivyo wanahistoria wengi wanamtaja mtu ambaye hayumo kwenye filamu: Kanoni Manuel das Neves, padri chotara wa Luanda, aliyekuwa karibu zaidi na UPA, yaani mahasimu. Baadhi ya waliokamata mapanga walikuwa waumini wake au watu wa mtaani wasio na kadi ya chama chochote. Wareno walimkamata, wakampeleka Ureno, na huko alifia mwaka 1966. Wakongwe wa MPLA gerezani na uhamishoni walikuwa na sehemu yao katika hali iliyozaa uvamizi ule, hilo halikataliki. Kwamba chama kiliuamuru, hapo ndipo penye ubishi ambao haujaisha.

Je, basi filamu inadanganya? Mimi nasema inafanya alichokifanya Domingos, ila kwa sababu nyingine: kuna jina inalijua au ingepaswa kulijua, nayo hailitaji. Mwaka 1972 FNLA na MPLA walikuwa wakiuana. Usingetegemea mswada ulioandikwa na mwasisi wa MPLA umpe padri wa UPA heshima. Lakini angalia ujanja wa Maldoror, au labda uaminifu wake: uvamizi hauoneshi. Filamu yenye jina la mtaa unaohusishwa na uvamizi ule inakoma kabla haujatokea. Kilichobaki kwenye skrini ni watu wa kawaida wanaopashana habari, na hao walikuwepo kweli, vyovyote vile kadi zao zilivyosomeka.

Waliofutwa baadaye

Filamu ya mapinduzi ikirudi baada ya nusu karne hurudi na yaliyotokea katikati. Mapinduzi ya Lisbon ya Aprili 1974 yaliufungua mlango, na Angola ikawa huru tarehe 11 Novemba 1975. Ila Mário de Andrade hakuwa kwenye jukwaa la ushindi. Mwaka 1974 alikuwa miongoni mwa walioongoza kundi la Revolta Activa, lililomlaumu Agostinho Neto, kiongozi wa MPLA, kwa kukiendesha chama kama mali yake. Walishindwa. Alikwenda Guinea-Bissau, akafanya kazi serikalini huko, na alifariki London mwaka 1990. Aliyeandika mswada wa filamu ya chama akawa mtu ambaye chama hakikupenda kumtaja.

Kisha tarehe 27 Mei 1977. Nito Alves, kiongozi wa MPLA aliyekuwa na wafuasi wengi kwenye mitaa ya mchanga, na Sambizanga ikiwa ngome yake, alijaribu kuuangusha uongozi wa Neto. Jaribio lilizimwa ndani ya siku moja kwa msaada wa wanajeshi wa Cuba. Kilichofuata kilichukua miezi: kamatakamata, mateso, watu kuuawa bila hukumu na kuzikwa pasipojulikana. Makadirio ya waliouawa yanatofautiana sana, kutoka maelfu machache hadi makumi ya maelfu. Wake na mama wa Luanda wakawa wanazunguka ofisi hadi ofisi wakiuliza jina, wakijibiwa halipo. Tofauti na Maria ni kwamba safari hii waliokaa nyuma ya meza walikuwa wenzake Mussunda.

Kwa miaka zaidi ya 40 suala hilo halikuzungumzwa hadharani Angola. Tarehe 26 Mei 2021 Rais João Lourenço aliomba radhi kwa niaba ya dola. Haikupita miezi miwili kabla Sambizanga haijaoneshwa upya Bologna. Hakuna aliyepanga zikutane, lakini anayeitazama sasa na kusikia mfungwa akiulizwa jina gizani hawezi kuiona 1961 peke yake.

Kuna wanaosema kwamba hilo linaiharibu filamu, kwamba ni propaganda iliyoshtakiwa na historia. Sikubaliani nao. Propaganda ingemfanya Maria ajue mambo. Ingemwamsha, ingempa hotuba ya mwisho, bendera ikipepea. Maria wa Maldoror hajui mumewe alikuwa na siri gani, na filamu haimcheki kwa hilo. Anapokelewa na wanawake wengine, wanamkalisha chini, wanamshikia mtoto, wanalia naye. Wakosoaji wa wakati ule, hasa wa mrengo wa kushoto Ulaya, walilalamika kwamba filamu ni nzuri mno: rangi zinapendeza, nguo za Maria zimekolea, Elisa Andrade ana uso ambao kamera haitaki kuuacha. Walitaka mapinduzi yawe na vumbi. Ni lalamiko la ajabu. Mtu maskini wa Luanda alikuwa anafua kanga yake kama mtu maskini wa Tandika, na hakuwajibika kuonekana mchafu ili aaminike kuwa anaonewa. Mahali pekee ambapo rangi hizo zinakatika ni selo. Pale Domingos analazwa sakafuni baada ya kipigo, na wafungwa wenzake, ambao wengi hawamjui, wanamzunguka na kumwimbia.

Tukizungumza rangi, ndipo kazi ya ukarabati inapoonekana. Mikanda ya rangi ya miaka ya 70 huzeeka vibaya: kijani na buluu hufifia kwanza, picha inabaki na wekundu kama wa kutu. Waliobahatika kuiona Sambizanga kabla ya ukarabati mara nyingi waliona nakala zilizokwisha kuwa hivyo. Na ilikuwa ikiishi uhamishoni kama walioitengeneza: mwongozaji Mfaransa mwenye asili ya Guadeloupe, kisa cha Angola, mandhari ya Kongo, kitabu cha mtu aliyezaliwa Ureno, kampuni ya Ufaransa. Ghala la nchi gani lingeona ni wajibu wake kuitunza? Ukarabati ulifanywa na mradi wa World Cinema Project wa taasisi ya The Film Foundation, aliyoianzisha Martin Scorsese, pamoja na Cineteca di Bologna, maabara ikiwa Paris. Ulikuwa sehemu ya mpango uliozinduliwa 2017 na taasisi hiyo pamoja na FEPACI, shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika, na UNESCO, wa kuokoa filamu 50 za bara hili. Annouchka de Andrade, binti wa Sarah na Mário, alikuwa miongoni mwa waliosimamia urejeshaji wa rangi. Yeye alizikumbuka zilivyokuwa.

Mama yake hakuiona. Sarah Maldoror alifariki Aprili 2020, nje kidogo ya Paris, kwa UVIKO-19, akiwa na miaka 90, katika majuma ambayo hospitali za Ufaransa zilikuwa zinakataza ndugu kuingia.

Ukiipata, itazame ukiwa na mtu, maana ni filamu ya kuulizana. Msikilize Petelo anavyompima Zito kama anaweza kubeba habari bila kuimwaga njiani. Na unapofika kwenye dansi, angalia nyuso za wale waliosimama muziki ulipokatika: Mussunda analitaja jina la Domingos Xavier kwa sauti, mbele ya ukumbi mzima, bila kuwa na haja ya kulinong'ona wala kulipigia kelele.